Haraka Iliyotaka Kumuua Chairman

Chairman alikuwa beberu, na asubuhi hiyo uhai wake ulikuwa mikononi mwa Mwongeli wa maabara ya mifugo.

Mwenyewe, Bile, mfanyabiashara wa mifugo hapo Mwingi, alishakata shauri. Mbuzi wa jirani waliopandwa na Chairman hawakuwa wanashika mimba, kwa hiyo mbegu za Chairman zipimwe. Zikiwa hai, arudi zizini. Zikiwa zimekufa, Deeq mwenye bucha alikuwa pale nje, na hakuwa amekuja kusalimia watu.

Mbegu za beberu ni nzito kama uji. Ili uzione vizuri, huna budi kuziosha kwa maji ya dawa na kuzizungusha kwenye mashine hadi zitue chini. Mwongeli aliujua mwendo wake: mizunguko elfu mbili kwa dakika, kwa dakika kumi.

"Daktari, harakisha," Bile akasema. "Lori ya Garissa inaningoja."

Mwongeli hajui kumkatalia mtu aliyemzidi umri. Akapiga hesabu ya sokoni: mwendo mara mbili, muda nusu. Akaweka elfu nne. Meza nzima ikatetemeka.

Kwenye hadubini hakikutikisika kitu. Mikia ya mbegu ilikuwa imekatika.

"Zimekufa?" Bile akauliza kwa huzuni. Nje, kisu kilianza kunolewa.

Hapo ndipo Mwongeli alipokumbuka somo alilosinzia chuoni: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inayozikandamiza seli huzidi mara nne. Ni mambo ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa: moto mkali hauuivishi upesi, unauunguza tu. Akaona aibu. Angenyamaza, nani angejua? Chairman alikuwa amepenyeza kichwa dirishani, anatafuna kalenda ya maabara.

"Mzee Bile, nisamehe. Ni mimi nimeziua, si yeye. Nahitaji zingine."

"Zingine? Leo leo?"

Chairman alipoletewa jike tena, hakubishana.

Safari hii Mwongeli akaweka elfu mbili. Lori likapiga honi. Deeq akachungulia mlangoni. "Si muongeze speed kidogo?"

"Wacha iende pole," Bile akamkaripia. "Hiyo ni familia yangu inazunguka hapo ndani."

Honi ikalia tena, sasa kwa mbali. Bile hakuinuka.

Mwongeli akainama kwenye hadubini, akacheka peke yake, akampisha. Seli zilikuwa zinaogelea zikisukumana kama watu wa siku ya soko. Bile akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe shida ni mbuzi za jirani," akasema.

Kwa kuwa lori lilishaondoka, alikwenda kula nyama choma kwenye bucha ya Deeq. Kabla ya kugusa sahani, akauliza kwanza ile nyama ilikuwa ya nani.