Miaka Miwili ya Mtunza Stoo

Mtunza stoo alikuwa na pengo la miaka miwili kwenye wasifu wake, akaliziba kwa maneno "mshauri wa kujitegemea". Dada yake, aliyekuwa akimpigia chapa, alisimamisha vidole.

"Ulimshauri nani, mdogo wangu? Paka?"

"Andika tu, dada. Nani atauliza?"

"Bohari ya dawa unakoomba kazi watauliza. Nimepiga simu mapokezi kwao. Wanamhoji kila mdhamini kabla ya kuajiri."

Dada akafuta, akaandika ukweli: miaka miwili nyumbani akimuuguza baba, dawa saba kwa siku, kila moja na saa yake, zote zikiandikwa daftarini. Mtunza stoo alihesabu kazi hiyo imeshamponyoka.

Siku ya usaili, mkuu wa bohari aliusoma mstari huo mara mbili.

"Daftari bado unalo?"

Alikuwa nalo mkobani, kwa amri ya dada. Mkuu alilipekua hadi ukurasa wa mwisho.

"Hakuna saa iliyorukwa. Anza Jumatatu."

Dada alipopokea simu, kwanza alisikia pumzi ndefu ikishushwa.

"Haya, mshauri. Wamesemaje?"

"Jumatatu, dada. Jumatatu naanza."