Mama Nguzo Alikuwepo

Mhariri aliingia kwenye chumba ninachochongea mihuri akiwa na tabasamu la mtu aliyeleta habari njema. Kampuni yake ilitaka kuchapa upya Kikosi cha Saba, katuni ya mashujaa niliyoitia wino nikiwa na miaka kumi na tisa. Dada yangu mkubwa alichora kwa penseli, mimi nikapitisha wino juu ya mistari yake. Ilitoka matoleo sita tu, ikafa.

"Tunaiweka kwenye kitabu cha katuni zilizochemsha," akasema. "Watu watacheka mpaka mbavu ziwaume. Hasa lile daraja."

Lile daraja! Miaka ishirini na miwili na bado linaniandama. Katika toleo la sita daraja linakatika, juu yake kuna basi limejaa abiria, na shujaa wa saba, Mama Nguzo, mwanamke wa mwili uliojaa na mabega mapana, analishika lisianguke. Ndivyo hadithi ilivyosema. Kilichochapwa ni daraja linaloelea lenyewe, na chini yake maneno yamening'inia hewani: "Nimewashika. Piteni." Msemaji haonekani, hata kisigino. Wasomaji walituandikia barua za kejeli. Bosi wa gazeti lililoichapa akamwita dada mvivu mbele ya ofisi nzima, eti kasahau kumchora shujaa wake mwenyewe. Dada alikusanya penseli zake, akaondoka. Tangu siku hiyo anapaka rangi kuta za watu.

Nami nilimkasirikia kimoyomoyo. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mhariri alitaka kurasa za awali, zile tulizochora kwa mkono. Alipoondoka nilishusha boksi, nikasoma zote kwa mara ya kwanza tangu wakati ule. Sitawadanganya, ni mbovu. Mashujaa wanahutubia kuliko wanavyopigana, na adui mkuu anashindwa kwa kuteleza kwenye ngazi. Lakini kila anapotokea Mama Nguzo, unajikuta umesahau ubovu wote.

Nikafika ukurasa wa daraja, nikausogeza kwenye mwanga.

Sisi tulikuwa na sheria moja: bluu ni ya mistari ya kupimia, kwa sababu kamera ya mtambo wa kuchapia haiioni, nyeusi ndiyo ya kutiwa wino. Siku ile nilikuwa na kurasa kumi za kumaliza kabla ya saa kumi jioni, na jicho langu lilishazoea kuiruka bluu kama haipo. Mama Nguzo alikuwepo. Alichorwa mzima kwa bluu, mishipa ya shingo imemtoka, kiatu kimoja kimechanika. Pembeni, ukanda wa gundi niliobandikia karatasi mezani ulikuwa umekauka, ukabanduka nilipougusa. Chini yake dada alikuwa ameandika: "Nyeusi imeniishia. Huyu naye mtie wino, mdogo wangu."

Kwa bluu ileile. Na mimi nikaubandika ukanda juu yake!

Nilimkuta dada juu ya ngazi, anapaka ukuta wa zahanati.

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua siku ileile."

"Mbona ulinyamaza?"

"Wangekufukuza. Ndiyo kwanza ulikuwa umeanza, na mkono wako ulikuwa mzuri. Mimi nina ngozi ngumu."

"Ngozi ngumu wapi! Ulilia wiki nzima!"

"Basi nililia. Shika hilo kopo, lisinimwagikie." Akachovya brashi. "Waache wacheke, mdogo wangu. Yamepita."

"Hayajapita," nikasema kwa sauti iliyomfanya mlinzi wa zahanati ageuke. "Na hawatacheka."

Nilirudi, nikafungua chupa ya wino, nikamfuata Mama Nguzo mstari kwa mstari, kuanzia kile kiatu.

Kesho yake mhariri aliuinua ukurasa karibu na macho. "Sasa kichekesho kiko wapi?"

"Hakipo."

"Bosi wangu hatakubali."

"Asikubali. Kurasa zitarudi boksini, na wewe utarudi na mkoba mtupu. Mkiitaka, mtaichapa nzima, kama kitabu kinachojitegemea. Mama Nguzo yupo, na mbele kabisa mtaweka hii."

Nilimpa karatasi niliyoiandika kwa herufi zangu za zamani, nyeusi tii: "Daraja halikuelea. Mchoraji alimchora aliyelishika. Aliyemwacha nje ni mtia wino, na mtia wino ni mimi."

Akaisoma mara mbili. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Una uhakika? Watakucheka wewe."

"Wanicheke," nikamwambia. "Dada amebeba vya kutosha. Sasa ni zamu yangu."