Nyota Niliyoipiga Pasi

Nianze na kosa, maana nikianza na mimi mwenyewe nitajitetea. Miaka minne iliyopita nilifuta sayari. Sikuifuta angani, huko mkono wangu haufiki. Niliifuta kwenye kompyuta, asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi, na aliyeiona wa kwanza alikuwa wifi yangu.

Tulikuwa ofisi moja. Yeye ndiye aliyenikutanisha na kaka yake, kwa hiyo hata ndoa yangu ni kazi ya mikono yake. Ofisini nilikuwa mkubwa wake. Nyumbani tulitaniana mpaka mume wangu anatukimbia, anahamia chumba kingine.

Kazi yenyewe ni hivi. Darubini hupima mwanga wa nyota kwa wiki kadhaa. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua kidogo, kama nzi anapokatiza mbele ya taa, na kwenye grafu tunaona kibonde. Sisi tulishughulika na nyota ndogo, nyekundu, zisizo na joto kali, kwa sababu nyota ikiwa ndogo hata sayari ndogo huziba mwanga wa kutosha kuonekana. Tabu yake ni kwamba nyota hizo zina madoa, na zinapozunguka mwanga hupanda na kushuka wenyewe. Basi kwanza tunainyoosha grafu. Ofisini tunaita kupiga pasi. Upana wa pasi unaupanga mwenyewe, kwa saa. Ikiwa nyembamba mno, ikalingana na kibonde chenyewe, inaondoa mikunjo na kibonde pamoja.

Wifi aliona vibonde vitatu vyenye nafasi sawa, kila kimoja cha kama saa mbili. Akaomba nyota yake ipewe zamu kwenye darubini kubwa. Mwaka ule tulikuwa na zamu moja tu, na sahihi ilikuwa yangu. Nikafungua vipimo vyake, nikapiga pasi, grafu ikatoka imenyooka kama shuka la hospitali. Nikaandika: Hakuna kitu.

Kwenye kikao alinyoosha mkono. "Naomba tuangalie upana wa pasi uliotumika."

Mbele ya watu wanane nikamjibu, "Jamani, wifi yangu huyu, hata akifunua sufuria tupu anaona nyama!"

Watu wakacheka, tukaenda kwenye ajenda nyingine. Namba yenyewe sikuitazama. Zamu ikaenda kwa nyota ya mtu mwingine.

Miezi miwili baadaye aliacha kazi, akaenda kufundisha hesabu shule ya msingi. Alisema amechoka na kompyuta. Nikaamini, kwa sababu kuamini kulinifaa. Kwenye shughuli za familia alinisalimia vizuri tu, akaniuliza habari za watoto, akanipokea mzigo. Utani ndio uliokwisha.

Jumatatu hii watu wa nchi nyingine wametangaza sayari mpya. Nyota ni ileile na vibonde ni vilevile. Nikafukua faili la zamani. Pembeni ya grafu, kwa herufi ndogo, imeandikwa: upana, saa mbili. Siku moja kabla nilikuwa na nyota inayozunguka mbio, ndiyo maana niliipunguza pasi. Asubuhi ile sikuirudisha. Basi, ni hilo tu. Nilijichukia mpaka chai ikapoa.

Nikampigia simu.

"Wifi, una nafasi?"

"Dakika kumi, watoto wako mapumziko. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Ni ile nyota yako, wifi. Ina sayari. Wenzetu wameitangaza. Mimi ndiye niliyeifuta, pasi ilikuwa ya saa mbili."

Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania mpira.

"Najua," akasema. "Niliiona namba siku ileile."

"Sasa mbona hukuning'ang'ania? Si ungekuja hata nyumbani ukanigombeza!" Yaani hata katika kuomba radhi nilikuwa natafuta wa kumtupia lawama.

"Nilisema, wifi. Ukaleta habari za sufuria."

"Nisamehe."

"Wewe nilishakusamehe zamani. Kinachoniuma ni kwamba watu walipocheka, na mimi nilicheka."

Ningeweza kumlilia, lakini hata machozi yangemtwisha kazi ya kunibembeleza. Kengele ikalia upande wake.

"Nitumie hiyo grafu niwaonyeshe watoto," akasema. "Ila usiipige pasi."

Nikaitafuta ile ya mwanzo, ilivyotoka kwenye darubini, na mawimbi yake yote. Kabla ya kuituma niliitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu aniletee. Vibonde vitatu vilikuwa palepale, na nilikuwa hata sijavaa miwani.