Kidole Kwenye Kioo

Meneja wetu wa redio tulimbatiza Kidole. Kioo cha studio hakipitishi sauti, kwa hiyo amri zake huzitoa kwa kidole: akikiinua, mimi fundi mitambo nakata matangazo. Mimi na subira ni mbalimbali, na kile kidole kilinikera tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa anatangaza nusu fainali ya tenisi ya wanawake, akiifuata kwenye skrini mle studioni. Watu husema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Sisi tumepikika mpaka leo.

Asubuhi Kidole alikuwa amemwambia waziwazi kwamba tenisi ya wanawake haina wasikilizaji. Ya wanaume ndiyo yenye nguvu, ndiyo inayojaza viwanja. Atangaze hii ya kujazia muda tu, wanaume wakiingia uwanjani imekwisha, na kuanzia wiki ijayo arudi kusoma matangazo ya vifo. Wifi hakupandisha sauti. Alimjibu kwamba kwa wanaume mabingwa ni walewale wawili kila mwaka, mshindi unamjua kabla hujawasha redio. Kwa wanawake hata binti asiyejulikana anaweza kumtoa bingwa jasho. Kidole akacheka. Nusura nimrushie waya.

Basi mechi ikafika seti ya tatu, wako sawa, na kweli binti asiyejulikana kamng'ang'ania bingwa. Wifi alikuwa ametangaza mpaka sauti ikamkauka, kasimama, hakai. Mara kwenye skrini ya pili wanaume wakaingia na mabegi yao. Wifi aliwaona. Alinitazama, machozi yanamlengalenga, lakini hakuacha kutangaza. Roho iliniuma jamani.

Kidole akaja kwenye kioo, akainua kidole. Nikaweka mkono kwenye swichi huku namlaani kimoyomoyo. Kisha nikaona kidole hakitulii. Macho yake yalikuwa kwenye skrini ya wanawake, na kidole kinaufuata mpira, kushoto, kulia, kushoto tena.

Nikafungua mlango, nikamwuliza kama nikate.

"Subiri kwanza," alisema bila kunitazama. "Sasa hivi nani anaanzisha mpira?"

Nikamvutia kiti, akakaa. Wanaume wakapasha misuli yao bila mtangazaji.

Siku hizi wifi ana kipindi chake cha tenisi ya wanawake. Matangazo ya vifo anayasoma Kidole mwenyewe.