Safari Iliyoishia Ndori

Mwaka wa 1997 nilikuwa naandika habari za muziki katika gazeti moja la wiki hapa Kisumu. Nilipewa nusu ukurasa. Nusu ya chini ilikuwa ya matangazo ya mazishi, na nadhani wengi walionisoma walikuwa wameanza kwa kumtafuta marehemu. Sikuona ubaya wowote. Msomaji ni msomaji.

Bendi zilipokuwa na habari niliandika habari za bendi. Zilipokosa habari niliandika juu ya mashine na mavazi: kwa nini kaseti ya kunakiliwa humfanya mwimbaji asikike kama ana mafua, kwa nini wokmani hula betri kuliko tochi, na ni lini hasa vijana wote wa Kondele walipokubaliana kuvaa suruali zinazowaanguka. Barua nilizopata zilikuwa chache, na nyingi zilitoka kwa mtu mmoja wa Ahero aliyetaka nimtafutie gitaa la bei nafuu.

Ndipo siku moja ikaja bahasha kutoka Ujerumani. Ndani mlikuwa na sidii. Kampuni ndogo ya huko ilikuwa imekusanya nyimbo za Walter Obiero, muziki wa benga wa mwanzo wa miaka ya themanini, ikazitia zote katika kisahani kimoja kinachong'aa. Kwenye jalada walikuwa wameweka picha ya twiga. Nimeishi kando ya ziwa hili tangu nimalize shule, na sijaona twiga akija kunywa maji.

Mhariri wangu, Bwana Enos, aliigeuzageuza ile sidii kisha akajitazama ndani yake kama kioo.

"Andika kabla ya Alhamisi," alisema.

"Sina mashine ya kuichezea."

"Si hizo nyimbo unazijua? Santuri zake unazo nyumbani. Andika kutoka kichwani."

"Sidii si santuri, Bwana Enos."

"Agneta, msomaji wako hana sidii wala santuri. Ana redio ya mawe mawili ya betri."

Alikuwa na haki, lakini sikutaka kusifia kitu ambacho sijakisikia. Nikaenda kwa Wakhisi.

Wakhisi alikuwa fundi wa redio pale Kondele. Yeye na mimi tulitoka upande mmoja kule Bungoma, kwa hiyo hakuweza kunifukuza. Alikuwa na mashine ya sidii iliyoletwa na mwalimu mmoja wa Maseno ambaye hakurudi kuichukua. Alikuwa ameshaifungua, akapangusa lenzi yake kwa pamba na spiriti, akaifunga tena. Nilipofika alifunga mlango ili kelele za stendi zipungue, tukaketi kila mmoja juu ya televisheni iliyokufa.

Gitaa la Walter lilitoka safi, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Nilisikia hata vidole vikiteleza kwenye nyaya, jambo ambalo santuri zangu hazikuwahi kunionyesha. Tulisikiliza nyimbo mbili. Wa tatu ulikuwa "Wuoth Uyoma", yaani safari ya Uyoma, wimbo uliompatia Walter jina. Mwanamuziki anatoka Kisumu kurudi nyumbani baada ya miezi mingi ya kupiga muziki. Anapita Maseno, anapita Akala, anafika Ndori, gurudumu linapasuka. Anaketi kando ya barabara, usiku unaingia.

Hapo wimbo ukakatika.

"Imekwama?" Wakhisi aliuliza.

"Haijakwama. Imeisha."

"Imeisha aje? Jamaa bado yuko Ndori!"

Nikaurudisha wimbo nyuma, tukasikiliza tena. Ilikuwa kweli. Zile santuri ndogo za zamani hazikuweza kubeba wimbo mzima wa benga upande mmoja, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: nusu ya kwanza huku, unageuza, nusu ya pili kule. Na nusu ya pili ndiyo iliyowafanya watu wanunue santuri. Hapo ndipo gitaa linapokimbia, na mwimbaji anaita majina ya watu wake. Mtu wa Ujerumani alikuwa amechukua nusu ya kwanza ya kila wimbo. Alikuwa ametengeneza sidii nzima ya nyimbo ambazo hazijaanza.

Kesho yake nilipanda kwa Maximilla. Alikuwa na chumba juu ya duka la viatu, na kompyuta tatu, moja ikiwa na intaneti. Kuingia kulihitaji subira. Simu ililia kama bata anayekabwa shingo, ikanyamaza, ikalia tena. Miezi kadhaa nyuma Maximilla alikuwa ameniingiza katika kundi la imeili la wapenda muziki wa Afrika. Watu hao sikuwahi kuwaona, na bado nilijua nani ana hasira asubuhi na nani hupenda ligi ya mpira. Siku hiyo nilikuta wanajadili sidii ya Walter. Nikamwomba Maximilla anichapie.

Mtu wa Kanada aliandika kwamba "Wuoth Uyoma" ni wimbo wa uhamisho: msafiri wa Kiafrika hafiki. Mama mmoja wa Uswidi aliandika kwamba alilia pale muziki ulipokatika, kwa sababu kimya kile kilimkumbusha baba yake. Mwanafunzi wa London alikuwa anaandika tasnifu, na aliutaja mkato huo kwa neno ambalo Maximilla na mimi tulilitafuta katika kamusi tusilipate.

Nilisoma yote nikiwa nimesimama dirishani. Sikukasirika. Walikuwa wamemsikiliza Walter kwa makini kuliko wasomaji wangu wa gazeti wanavyonisoma mimi. Ila walikuwa wamesikiliza nusu.

Nikamwandikia mwenye kampuni, aliyeitwa Anton. Jibu lake lilinisubiri nilipopita tena. Aliomba radhi mara nyingi. Nyimbo alizipata katika kaseti ya mkusanyaji mmoja, na mkusanyaji huyo hakuwahi kugeuza santuri. Isitoshe, alikuwa ameambiwa Walter Obiero alishakufa. Kama mwimbaji yu hai na akikubali, alisema, nitume nusu zilizobaki naye atazitia katika toleo la pili.

Walter alikuwa hai kabisa. Alikuwa na kiduka cha nyavu na ndoana pale Luanda Kotieno, huko huko Uyoma, na mkewe Dorca aliuza omena, dagaa wa ziwani, ufukweni. Nikampa dereva wa lori la samaki ujumbe kwamba nitafika Jumamosi na wimbo wao uliotoka Ulaya. Wakhisi alikuja nami akiwa amebeba mashine mapajani na betri ya gari miguuni. Hakuwa tayari kuniachia lenzi yake.

Tulipofika nikaona mabenchi yametolewa nje, nikajua nimefanya makosa kutuma ujumbe nusu nusu. Wamama wa kanisa walikuwa wamekaa na vitambaa vyeupe kichwani. Jirani mmoja, Beldina, alikuwa amekuja na kigoda chake mwenyewe. Dorca alikuwa amevaa gauni lenye mikono mirefu ambalo si la kuuzia omena.

Nikamvuta Walter kando. Alikuwa mzee mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vikuza sauti miaka mingi.

"Mzee, kuna kitu cha kukuambia kwanza. Nyimbo zimekatwa."

"Wacha wasikie," alisema. "Wamengoja tangu asubuhi."

Wakhisi akaunganisha nyaya. "Wuoth Uyoma" ulipoanza wamama wakapiga makofi, kisha wakaanza kuimba pole pole. Dorca alisogea hadi ukingoni mwa benchi, mikono mapajani. Wimbo ulipopita Akala alimgusa Beldina goti.

"Ngoja," alisema. "Mimi niko mbele."

Gurudumu likapasuka. Usiku ukaingia. Muziki ukakatika, na wimbo mwingine ukaanza.

"Na mimi?" Dorca aliuliza. Alimtazama Wakhisi, kisha ile mashine. "Mimi naingia wapi?"

Wakhisi akaizima. Katika nusu ya pili Walter anaokolewa na mtu wa baiskeli, anafika nyumbani kumepambazuka, anabisha mlango, anaita: Dorca nyar Oduor, binti wa Oduor, fungua, nimerudi. Analiita jina hilo tena na tena, gitaa likimfuata nyuma kama mtoto. Kila mtu pale mabenchini alijua hivyo. Ndiyo maana walikuja.

"Min Aoko," Beldina alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake, "umeachwa kwa barabara!"

Watu wakacheka. Dorca naye akacheka. Kisha akainuka kwenda kuleta chai, akakaa ndani muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Nikamweleza Walter habari za Anton na kaseti. "Hao watu wamekula mkia, kichwa wametupa," alisema, na wanaume waliokuwa karibu wakatikisa vichwa, kwa maana pale ziwani kichwa cha samaki huwekewa mtu wa heshima. Nikamsomea karatasi za Maximilla, nikitafsiri nilivyoweza. Alipofahamu, alicheka hadi akakohoa.

"Mtu wa Kanada anasema mimi sikufika?"

"Anasema msafiri wa Kiafrika hafiki."

"Na hawa watoto wote nilizalia Ndori?"

Sasa kila mtu alikuwa anacheka. Nilipomwambia kwamba Anton yuko tayari kuongeza nusu zilizobaki, alipunga mkono.

"Mwambie asiongeze kitu. Wacha wao wabaki Ndori. Mwenye anataka kufika Uyoma, barabara iko."

Lilikuwa neno zuri sana. Moyoni nilikuwa nimeshaliweka mwisho wa makala yangu.

Jioni Dorca alitusindikiza hadi stendi. Wakhisi alitangulia na betri. Dorca alitembea bila haraka, akiwasalimu watu wa njiani, na tulipokuwa peke yetu akasema:

"Mzee anapenda maneno ya kuchekesha watu."

"Amesema vizuri."

"Amesema vizuri, ndiyo. Lakini jina lenye iko huko upande wa pili ni yangu, si yake."

Nilipunguza mwendo.

"Nyathina, mwanangu, sikia. Wakati ile alikuwa anazunguka na bendi. Leo Kendu, kesho Nairobi, mimi hapa na watoto. Watu walikuwa wananiambia amepata mwingine, ati ako na nyumba huko Nairobi. Hata huyu Beldina aliniambia. Halafu wimbo ikatoka. Ikapigwa kwa redio, kwa soko, kwa kila baa. Kila mtu akasikia ni mlango ya nani alikuwa anabisha." Alingoja mtu wa baiskeli apite. "Hiyo ndiyo kitu alinipatia. Sasa anaitupa ndiyo wanaume wacheke."

"Nitume basi?"

"Tuma."

"Lakini Mama, Mzee amekataa mbele ya watu."

"Mzee nitaongea na yeye mimi."

Wiki hiyo niliandika makala bila lile neno la Ndori mwishoni, na Bwana Enos akasema imekosa chumvi. Jumatano simu ya ofisi ililia. Alikuwa Walter, anapiga kutoka posta ya Bondo.

"Ile kitu," alisema. "Tuma."

"Mama ameongea nawe?"

"Hajaongea. Hiyo ndiyo shida. Tangu Jumamosi hajaongea."

Wakhisi alinakili nusu za pili kutoka santuri zangu hadi kaseti mpya, akilaumu sindano yangu muda wote. Nikaiposti. Mambo ya malipo Anton na Walter waliyamaliza wenyewe, sikuyaingilia. Mwaka uliofuata toleo la pili likatoka, nyimbo zikiwa nzima, na twiga akiwa palepale.

Kundi la imeili halikufurahi. Mtu wa Kanada aliandika kwamba nusu ya pili ina furaha kupita kiasi na imeua fumbo la wimbo. Mwanafunzi wa London alisema atatumia toleo la kwanza katika tasnifu yake, kwa kuwa ndilo lililosikika kwanza, na wengine wakaanza kutafuta nakala za zamani za kununua. Mama wa Uswidi peke yake aliuliza Dorca ni nani. Nikamjibu kwa mistari miwili kwamba ni mke wa mwimbaji, anauza omena, yu mzima. Hakuandika tena.

Dorca hakuwa na mashine ya sidii, kwa hiyo Wakhisi alimtengenezea kaseti, nami nikampelekea mwenyewe msimu wa mvua ndefu. Nilimkuta ufukweni. Aliitia katika redio yake iliyokuwa juu ya gunia, akaongeza sauti, akaendelea kupima omena kwa kopo la gorogoro. Walter alikuwa kwenye kiduka chake, hatua chache kutoka hapo. Wimbo ulipofika Ndori aliondoka, akaenda kutazama mtumbwi ambao haukuhitaji kutazamwa.

Mteja mmoja, mama mgeni aliyekuja kununua kwa jumla, alisimama akisikiliza yale majina.

"Huyu Dorca anayeitwa hivi ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," Dorca alisema. "Unataka gorogoro moja ama mbili?"