Mpigaji Hajulikani

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, Mwalimu Kokuberwa alisimama kwenye foleni ya mapokezi ya Kituo cha Sanaa cha Ngazi Saba, Kimara. Mkononi alikuwa na picha ndogo za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa na noti mbili za elfu kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya Kadi ya Mkazi: mwaka mzima, watu wanne wa familia moja, kila onyesho. Alijaza nafasi tatu, yake mwenyewe, ya mumewe Godlisten na ya binti yao Clara. Godlisten alikuwa amesema hawezi kukaa saa mbili akiangalia watu wazima wanaojifanya kulia, lakini aandikwe tu. Nafasi ya nne ilibaki tupu.

Kadi ile ilimfurahisha kuliko alivyotarajia. Kila Ijumaa, akishamaliza kusahihisha madaftari, yeye na Clara walivaa vizuri wakapanda kwenda kuangalia maigizo. Walisikiliza taarabu. Waliona picha za mchoraji wa Tabata ambaye maisha yake yote alikuwa akichora vibaraza vya watu. Kokuberwa alicheka mpaka akashika mbavu, na siku moja alilia bila kuona haya.

"Miaka kumi na tisa nipo Kimara," alimwambia Clara, "kumbe raha ilikuwa hapo juu tu."

Mwezi wa sita kituo kikafungua onyesho la ala za muziki. Ndani ya sanduku la tatu la kioo Kokuberwa akaikuta nanga ya baba yake.

Hakuwa na shaka hata chembe. Ulikuwa ule ubao mrefu uliochongwa kama sinia, wenye nyuzi nane za mishipa ya ng'ombe. Ukingoni palikuwa na alama za meno, na meno yale yalikuwa ya Kokuberwa mwenyewe, enzi zile anaota meno na kutafuna kila kitu. Chini kulikuwa na ufa uliozibwa kwa nta, tangu nanga ilipoangushwa kwenye harusi ya shangazi yake. Kikaratasi kando yake kilisema: *Nanga. Kanda ya Ziwa. Mpigaji hajulikani.*

Mwaka 2009 watu watatu walifika kijijini kwao, Kamachumu, kwa gari jeupe, wakamwomba baba yake, Mzee Isack Rwegoshora, awaazime nanga yake kwa wiki mbili wakaipige picha mjini. Mzee akawapa, akawaongezea na mkungu wa ndizi. Kisha akakaa barazani akiangalia njia kwa miaka tisa, ndipo akafa. Siku za mwisho vidole vyake vilikuwa vinapigapiga blanketi.

Kokuberwa alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja, Bwana Fredrick, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha.

"Pole sana, mwalimu. Kuna maandishi yoyote ya kuazimana?"

"Waliazima kwa mdomo. Na kuirudisha waliahidi kwa mdomo."

"Ndiyo ugumu wenyewe. Siwezi kumkabidhi ala kila anayekuja na maelezo. Utaratibu unataka mwenye ala aje mwenyewe."

"Mwenyewe tumemzika."

"Utaratibu unasema mwenyewe," alirudia Bwana Fredrick, na akamfungulia mlango kwa heshima zote.

Jioni ile Kokuberwa alimpigia simu kaka yake, Elibariki, aliyebaki Kamachumu. Elibariki akatoka nyuma ya nyumba hadi kwenye migomba, akasimama kando ya kaburi na kueleza jambo lote kwa sauti kubwa, maana mzee hakuwa anasikia vizuri miaka yake ya mwisho. Halafu akarudi ndani kula.

Mzee Isack alifika Kimara baada ya siku kumi na mbili, saa tisa mchana, kwa miguu. Alikuwa amevaa koti la sufu alilozikwa nalo.

"Shikamoo, tata," alisema Kokuberwa, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Umekonda."

"Kazi, tata."

"Na mji wenu una joto."

Alichemshiwa maji akaoga. Chakula hakula, alivuta tu harufu ya ndizi zilizopikwa na maharage akasema zimeiva. Godlisten akamwachia kiti chake mbele ya televisheni, na wote wawili wakaangalia mpira mpaka mwisho.

Jumamosi wakapanda ngazi. Mapokezini alikuwepo Yumna, binti wa mwenye duka la vitambaa la pale chini, msichana aliyefanya kazi yake kwa makini.

"Shikamoo, babu. Kadi?"

"Hana," alisema Kokuberwa. "Amefariki tangu mwaka 2018."

"Mie hilo halinisumbui, mama. Ishu ni kadi tu." Yumna akaipitia fomu ya familia kwa kidole. "Nafasi ya nne iko wazi. Wanauliza tarehe ya kuzaliwa. Ya kufa hawaulizi."

Akampiga picha. Likatokea koti na ukuta. Yumna akaichunguza, akasema hata za wengine hutoka vibaya, akaipitisha kwenye mashine ya plastiki. Mzee Isack akavalishwa kadi shingoni.

Bwana Fredrick aliwakaribisha ofisini, akamwamkia mzee na kuagiza chai ya tangawizi. Mzee akamtazama usoni.

"Wewe ndiye uliyenifungulia mlango wa gari nilipokuwa naiweka nanga yangu," alisema.

Bwana Fredrick hakukana. "Nilikuwa mwanafunzi, mzee. Nilitumwa."

"Sasa umekuwa mkubwa. Nipe."

"Ningependa sana. Lakini nyaraka zetu zinasema mpigaji hajulikani. Sasa mtu asiyejulikana akija kudai, anakuwa anajulikana, na nyaraka zinakuwa za uongo. Siwezi kukifanya kituo kiwe kimesema uongo, na wafadhili wanakuja mwezi ujao."

Kokuberwa alikuwa na miaka ishirini na sita ya kufundisha darasa la watoto themanini, na hakuwahi kutamani kumpiga mtu kofi kama alivyotamani pale. Baba yake ndiye aliyeinuka kwanza. Hakugusa chai.

Akaenda kukaa kwenye benchi mbele ya sanduku la kioo, akaweka mikono magotini na kuanza kuchezesha vidole hewani. Ndani ya kioo nyuzi zikaanza kulia. Alipiga wimbo wa kusindikiza bibi harusi, kisha wa mfalme aliyekimbiwa na wake zake. Wageni wakasogea. Clara akaketi sakafuni miguuni pa babu yake. Wakati wa kufunga, mlinzi akaomba wimbo mmoja zaidi.

Kila Jumamosi mzee alirudi, na kila Jumamosi watu waliongezeka, kutoka Mbezi, kutoka Kibamba, wengine na watoto mgongoni. Jumamosi ya tano wafadhili wakaja. Jumamosi ya saba likatundikwa bango kubwa barabarani: *Nanga Inayojipiga. Kila Jumamosi saa kumi jioni. Kiingilio elfu hamsini.* Chini, kwa herufi ndogo: *Kadi za Mkazi hazitumiki kwa onyesho hili.*

"Babu, leo huwezi kuingia," Yumna alisema, macho chini. "Nimeambiwa. Nisamehe."

Mzee Isack akaitazama kadi yake, ile yenye koti na ukuta. Akashuka ngazi zote saba, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya Mama Sekela, mkaanga mihogo wa nje ya geti. Saa kumi ilipofika, vidole vyake vikaanza vyenyewe. Ukumbini, nyuma ya ukuta, nanga ikalia, na makofi yakasikika mpaka barabarani.

Wiki iliyofuata Kokuberwa alilipa elfu hamsini. Aliketi safu ya nne katikati ya watu wenye manukato mazuri. Wimbo wa kwanza ulipoisha akasimama.

"Anayepiga anaitwa Isack Rwegoshora," alisema kwa sauti ya darasani. "Ni baba yangu. Waliiazima nanga yake wakakaa nayo. Yuko nje ya geti, amekaa juu ya ndoo, kwa sababu hapa ndani haruhusiwi."

Ukumbi ukamsikiliza mpaka neno la mwisho, halafu ukapiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi akamwambia jirani yake kwamba mwaka huu wamejitahidi, wameweka na mwigizaji. Walinzi wawili wakamtoa Kokuberwa taratibu, naye akapigiwa makofi tena mlangoni.

"Usiwapigie tena, tata!" alimwambia baba yake alipofika nje ya geti. "Acha! Wakae na ubao wao mtupu!"

Mzee akakubali. Jumamosi iliyofuata alifumbata vidole. Saa kumi ikafika, na ukumbini nanga ikalia vilevile, ila sauti ilikuwa kama ya redioni. Walikuwa wamemrekodi. Makofi hayakupungua.

Mzee Isack alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akiwa amekunja uso.

"Wameuharibu pale kati," alisema. "Heri niwapigie mwenyewe." Akafungua vidole.

Mwezi wa tatu ulipofika tena Kokuberwa alikwenda kulipia kadi, watu wanne, elfu ishirini. Mezani Yumna akamwambia kwamba bei ni ileile, ila sasa kadi haitumiki Jumamosi wala Jumapili, na maigizo ya Ijumaa yamehamishiwa Jumapili. Kokuberwa alilipa. Akatoka nje, akatoa chaki kwenye mkoba, na kwenye ukuta mweupe wa kituo, juu ya kichwa cha baba yake, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni.

Mzee, ambaye hakuwahi kujua kusoma, akageuza shingo. "Umeandika nini?"

"Jina lako."

"Lote?"

"Lote, tata."

Akaridhika, akaendelea kupiga. Mama Sekela akageuza mihogo. Jumatatu asubuhi fundi alikuja na ndoo ya chokaa akaupaka ukuta, na Jumamosi Kokuberwa akaandika tena. Mpaka leo ndivyo wanavyofanya. Mahali pale ukuta umekuwa mnene kuliko kwingine kote, na fundi ameajiriwa moja kwa moja.