Mamzeli Apollonia Anajibu

Mama Truphosa alikuwa jikoni kwake Fittja, ghorofa ya tano, akichambua mchele, posta ilipodondoka mlangoni. Kulikuwa na bili ya umeme, tangazo la duka la samani, na barua za mpangaji wake. Za mpangaji zilikuwa nyingi, kama kawaida ya siku ambazo walimu wa Kiswidi wametoa kazi. Aliziweka mezani kando ya Biblia, akarudi kwenye mchele wake.

Mpangaji alikuwa Mamzeli Apollonia. Alizaliwa ndani ya kitabu mwaka 1768 na tangu hapo alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule za upande huo wa Stockholm zilikisoma kitabu chake, na walimu waliwaambia watoto wamwandikie. Barua zilipozidi kwenye maktaba, mkutubi alisema anayepokea barua lazima awe na anwani. Mama Truphosa alikuwa na chumba. Mwanawe Owen alikuwa amehamia Göteborg, na mumewe alikuwa amelala makaburini tangu msimu wa theluji nyingi. Basi Mamzeli akaja na sanduku moja na gauni pana ambalo mlangoni lilipita kwa ubavu.

Kiswahili alijifunza kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa, kwa hiyo hata chumvi aliiomba kama mtu anayeomba rehema. Mama Truphosa hakuona ubaya. Alishakaa na wapangaji ambao hawakuomba, walichukua tu.

Taabu ya Mamzeli ilikuwa moja. Kila msomaji alipofika ukurasa wa mwisho, popote alipo, Mamzeli alitakiwa awepo, maana ukurasa wa mwisho ni harusi yake. Aliacha chai katikati, akavaa koti, akatoka. Aliporudi alikuwa na nta ya mishumaa kwenye mkono wa gauni.

"Leo ni nani?" Mama Truphosa aliuliza.

"Kijana wa Vårby gård. Amesoma mbiombio, ana mtihani."

"Na bwana harusi?"

"Mikono yake bado ni ya baridi."

"Pole, mwanangu. Ugali uko kwenye jiko."

Kabla ya ukurasa huo Mamzeli alikuwa mtu wa vituko. Aliruka dirisha. Alipanda farasi wa mjomba wake bila ruhusa. Hakimu mzee alipokuja kumposa, Mamzeli alimwambia usoni kwamba wigi lake lina wadudu. Wasichana walimpenda kwa hayo. Walimwuliza wafanyeje na mama anayepekua simu, na kaka anayewafuata mpaka stesheni, na rafiki aliyewageuka. Aliwajibu wote kwa kalamu ya unyoya, na barua akawa anazisoma kwa sauti Mama Truphosa akipika.

Siku hiyo alifungua bahasha ya bluu, akasoma akiwa anaitafsiri.

"Mamzeli, mimi si mwanafunzi tena. Nina miaka ishirini, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Wageni walikuja kwetu kuniposa. Mama mmoja wa kanisani aliingia chumbani kuniuliza kama wapokewe. Shuleni tulifundishwa kwamba mtu ambaye hajasema ndiyo, amesema hapana. Kwa hiyo sikusema ndiyo. Nilitazama zulia, nikanyamaza kwa nguvu zangu zote. Yule mama akatoka. Nikajua yameisha. Halafu nikasikia vigelegele sebuleni. Yule mama si mbaya. Alikuwa amefunga kilemba cha kijani, na alinishika bega. Nifanyeje?"

Mama Truphosa alipunguza moto. Kilemba cha kijani kilikuwa kimetundikwa mlangoni, kwenye ndoano, chini ya koti lake la kazi.

"Ni mimi," alisema.

"Nimekiona kilemba," alisema Mamzeli.

"Huyo ni Anitha, binti wa Révérien na Godelieve. Walinituma mimi kwa sababu si ndugu, tena ni mjane, na wanajua sisemi uongo." Alikoroga sufuria. "Sisi msichana akikataa, utajua. Atalia, atatoka nje, atavunja hata kikombe. Akiinama akanyamaza, ameridhika. Mimi mwenyewe niliinama hivyohivyo."

"Na uliridhika?"

Mama Truphosa alionja chumvi. "Nilizoea," alisema.

Mamzeli alichovya kalamu kwenye wino. "Nitamwambia aseme kwa sauti. Mbele ya watu wote."

"Baba yake atakufa kwa aibu."

"Wangu aliishi mpaka akawa kikongwe."

"Kwani wewe ulisema?"

"Nilisema. Palepale madhabahuni nilisema sitaki, sauti ikafika kwenye kengele. Mwandishi wangu alikuwa mchungaji, mtu mpole sana. Akaandika kwamba niliinamisha kichwa."

Barua ilikwenda. Jibu la Anitha lilikuja kabla ya Jumapili, fupi. Alisema namba ya simu ya kuwapigia watu wa kusaidia wasichana anayo, alipewa shuleni. Lakini wakija watampeleka mji mwingine, na mama yake hatamwona. Anitha anamtaka mama yake. Asichotaka ni mume. Kwa hiyo atasema, kama Mamzeli alivyosema.

Jumapili hiyo kamati ya harusi ilikutana baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa la Waswidi ambao usharika wa kina Mama Truphosa huupanga mchana. Walikuwepo Wakenya, Warundi, Wakongo na Mtanzania mmoja mwenye gari kubwa. Vitenge vya sare vilikuwa vimeshafika na vimeshakatwa. Beverly, mwenyekiti, aligawa kazi huku amesimama. Mamzeli alipoingia na gauni lake, Beverly aliagiza aongezewe kiti cha pili, akampa kazi ya vitambaa vya meza.

"Mama Truphosa, huyu mgeni wako anaweza kukunja?"

"Anaweza kila kitu isipokuwa kukaa mpaka mwisho."

"Hata waume zetu," alisema Beverly, na kina mama wakacheka.

Armel, bwana harusi, alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa dereva wa basi anayeishi Fisksätra, mtu wa taratibu, asiyekunywa. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Anitha alikaa katikati ya wazazi wake. Beverly alipofika kwenye habari ya keki, Anitha alisimama.

"Jag vill inte," alisema kwa Kiswidi, kama alivyozoea kumjibu mama yake. Halafu akageukia upande wa wazee, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili asikike: "Sitaki kuolewa. Siku ile pia sikutaka. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka."

Kila mtu alisikia. Révérien aliendelea kukoroga chai yake, na hakufa. Mtu alifunga kifuniko cha chupa ya chai.

"Alors," alisema mama mmoja Mkongo, "mimi nililia wiki nzima. Na sasa nina watoto sita!"

"Mimi nilijificha kwa shangazi," alisema mwingine. "Wakanikuta nala maandazi."

Kicheko kilikuwa cha upendo. Godelieve alimvuta binti yake mkono, akamketisha, akamfuta jasho ambalo hakuwa nalo. "Amechoka," alisema. "Kazi ya wazee ni ngumu."

Mama Truphosa alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni, na watu wakamgeukia.

"Mimi ndiye niliyetumwa kumwuliza," alisema. "Nilirudi nikawaambia amekubali. Hakukubali. Hakusema kitu. Nilikosea mbele za Mungu, na naomba tusimamishe."

Beverly alimtazama kwa huruma. "Hakusema kitu?"

"Hata neno moja."

"Sasa mama, si ndiyo hiyo?"

Watu wakaguna kwa kuridhika, kama jambo limewekwa mahali pake. Armel alitazama viganja vyake. Mchungaji aliwaomba wote wainamishe vichwa, akaombea amani ya bibi harusi. Anitha peke yake hakuinama, lakini kwa kuwa macho ya wengine yalikuwa yamefumbwa, hakuna aliyeona isipokuwa Mamzeli. Katikati ya maombi Mamzeli alichukua koti lake akatoka. Mtu mmoja huko Uppsala alikuwa amefika ukurasa wa mwisho.

Ndoa ilifungwa mwezi wa sita, wakati usiku wa huko hauna giza. Mama Truphosa alivaa sare kama wengine, maana ilikuwa imeshakatwa kwa kipimo chake. Mchungaji alipomwuliza Anitha, alijibu ndiyo, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. Neno hapana alikuwa ameshalijaribu. Pilau ilitosha. Mamzeli alikunja vitambaa vyote vizuri na akapewa chakula cha kubeba.

Kitabu cha Mamzeli hakikubadilika. Mama Truphosa alikwenda maktaba mwenyewe, akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma kwa kidole. Humo Mamzeli alikuwa bado ameinamisha kichwa. Akakirudisha kitabu kwenye rafu, akapitia dukani kununua maziwa.

Miti ilipoanza kugeuka rangi, posta ilileta barua za jina jingine. Zilikuwa zimeandikiwa Bi Anitha, kwa anwani ya Mama Truphosa. Zilitoka Fisksätra, Vårby gård, moja ilitoka mbali kaskazini. Wasichana walikuwa wamesikia kwamba alisimama mbele ya kamati nzima akasema hataki. Walitaka kujua ujasiri ule aliutoa wapi, na wao wafanyeje.

Mama Truphosa alimpigia simu. Anitha alikuja siku yake ya mapumziko, akavua viatu mlangoni, akaketi mezani kuelekeana na Mamzeli. Alimwomba kalamu ya kawaida. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila wiki. Aliandika kwa Kiswidi kizuri, kifupi kuliko cha Mamzeli, na kila barua aliianza vilevile: sema kwa sauti. Mama Truphosa aliwawekea chai na maandazi. Usiku aliwaombea wote wawili kwa majina, na kila akimaliza aliomba aonyeshwe pa kwenda kusema tena. Jumapili alikuwa anamwendea mchungaji kwenye ngazi za kanisa, anamwambia, "Hakusema ndiyo," na mchungaji anamshika mkono, anamjibu, "Tunaomba, mama."

"Wako ana mikono gani?" Mamzeli aliuliza siku moja, bila kuinua macho.

Anitha alifikiri. "Ya joto," alisema. "Ni mtu mzuri." Akabandika stempu.

Jioni ilipoingia wote wawili walisimama kwa pamoja. Mmoja alikuwa anasubiriwa kwenye ukurasa wake, mwingine alikuwa na treni mbili za kupanda mpaka Fisksätra. Walivaa makoti, wakasaidiana kuingiza mikono. Gauni lilipita mlangoni kwa ubavu, na Anitha akalifuata.

Mama Truphosa alifunga mlango. Aliviosha vikombe, akaviacha vitatu juu ya meza kwa ajili ya wiki ijayo.